Viola Peke Yake: Jinsi ya Kuandaa Kipande Chako cha Kwanza Bila Kinanda

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wanakwaya wa hapa Mwanza, wa Nyakato, Igoma, Buswelu na ng'ambo kule Ukerewe, ni yale yale. Nina viola, lakini nani atanipigia kinanda? Nianze na kipande gani? Mbona nikipiga peke yangu inasikika kama sauti ya pili iliyopotelewa na kwaya? Nimeandika mwongozo huu ili jibu likae mahali pamoja na kila anayeuliza alipate lote.

Jibu la swali la kwanza ni hili: huhitaji mpiga kinanda. Upo muziki mwingi ulioandikwa makusudi kwa chombo kimoja cha upinde kisicho na msindikizaji, na viola ina sehemu yake kubwa na nzuri. Watu wa mwambao wa Ziwa Victoria hawapaswi kuona jambo hilo geni. Upande wa Bukoba, mpiga nanga wa Kihaya huketi peke yake na kusimulia habari za mashujaa mpaka usiku unakuwa mkubwa. Kwa Wajaluo, orutu yenye uzi mmoja tu hukusanya watu uwanjani. Mtu mmoja na chombo kimoja wanaweza kubeba shughuli nzima, ilimradi mpigaji ajue kwamba ndani ya mstari wake mmoja kuna sauti kadhaa, na azifanye zisikike.

Mwongozo huu unamfaa anayejua tayari kushika upinde, anayeweza kupiga skeli ya C na ya G bila kuhamisha mkono, na anayesoma nota walau za solfa. Kama hujafika hapo, tafuta kwanza mtu wa kukuonyesha mkao wa mkono. Mkao haujifunzwi vizuri kwa kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viola yenyewe. Ya mtu mzima huwa na mwili wa kati ya sentimita 38 na 42, na hakuna kipimo kimoja rasmi kama ilivyo kwa fidla, ambayo mwili wake ni karibu sentimita 35.6. Usinunue kubwa kwa sababu tu umeambiwa kubwa ndiyo yenye sauti. Nyoosha mkono wa kushoto, weka viola begani, kisha jaribu kukizungusha kiganja mpaka kishike kichwa cha chombo. Kama kiwiko kimenyooka kabisa hadi kinakaza, hiyo si yako. Watu huniuliza pia kama wanaweza kufunga nyuzi za viola kwenye fidla. Inawezekana, na nyuzi za kipimo hicho zinatengenezwa, ila uzi wa C utakuwa mwembamba wa sauti na mvivu kuitika. Kwa kujifunzia ni sawa. Kwa kupiga mbele ya watu, azima viola ya kweli.

Upinde wa viola. Wa viola huwa na takribani gramu 70, wa fidla takribani 60. Gramu hizo kumi utazihisi kwenye uzi wa C.

Rozini, kitambaa laini cha pamba, na nyuzi za akiba. Usikae bila uzi wa A wa ziada, maana ndio unaokatika mara nyingi na madukani hapa mjini si rahisi kuupata siku hiyo hiyo. Ukiagiza Dar, agiza miwili.

Penseli, si kalamu ya wino. Stendi ya nota, au kamba na vibanio vya nguo ukutani. Simu yenye programu ya kutyuni na metronomu. Ukiweza, uwe pia na ule uma wa chuma wa walimu wa kwaya, kwa sababu umeme ukikatika na simu ikazima bado utakuwa na A yako.

Chumba. Ukumbi wa kanisa wenye sakafu ya saruji hupendeza sikio lakini huficha makosa. Fanya mazoezi yako ya kila siku chumbani kwenye godoro na mapazia, ambako kila kosa linasikika, kisha mara moja kwa wiki uende ukumbini.

Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja

Kwa kipande cha kwanza ninakushauri Preludi, yaani kipande cha ufunguzi, ya Suiti ya 1 katika G meja ya Johann Sebastian Bach, yenye namba BWV 1007 katika orodha ya kazi zake. Suiti ni mfuatano wa vipande vinavyokaa pamoja. Bach aliandika suiti sita za sello isiyo na msindikizaji mnamo miaka ya 1720 hivi, alipokuwa akifanya kazi Köthen, Ujerumani. Nyuzi za viola ni C, G, D, A, sawa kabisa na za sello, ila oktavu moja juu. Kwa hiyo suiti hizi, ukiacha ya sita iliyoandikiwa chombo cha nyuzi tano, huhamia kwenye viola bila kubadilisha noti, na wapiga viola wamezifanya kuwa chakula chao cha kila siku.

Usianze na kipande cha kasi ulichokiona mtu akikipiga kwenye simu. Najua kinavutia. Vipande hivyo nitavitaja hapo chini, na nataka uvifikie, lakini mkono unaokimbilia huko mapema hujifunza kujikaza, na mkono uliojifunza kujikaza huchukua muda mrefu sana kulegea.

Hatua ya 2: Pata nota na uzisome kwa kuimba

Nota za Bach hazina haki miliki tena, na maktaba ya mtandaoni ya IMSLP inazitoa bure. Tafuta toleo la viola, lenye ufunguo wa alto, ule ambao katikati yake hukaa kwenye mstari wa tatu na kuonyesha C ya kati. Lipeleke steshenari likachapishwe. Preludi ina vipimo (baa) 42 tu, haitakuletea gharama.

Ukilinganisha matoleo mawili utaona matao ya upinde, yaani ile mistari ya kuonyesha noti zinazopigwa kwa upinde mmoja, yanatofautiana, na hapo ndipo wengi huniandikia wakiuliza lipi ni sahihi. Nakala ya suiti hizi yenye mwandiko wa Bach mwenyewe haijapatikana. Tunayoitegemea zaidi ni ya mke wake Anna Magdalena, na humo matao hayako wazi. Kila mhariri ameamua kwa busara yake. Chagua toleo moja, fuata matao yake, na usibadilishe kila juma.

Wewe uliyelelewa na solfa, andika juu ya ukurasa: Doh ni G. Sasa imba mistari minne ya kwanza polepole bila kugusa viola. Ukishindwa kuimba kipimo, vidole vitashindwa vilevile.

Hatua ya 3: Tyuni kwa sikio, kisha hakikisha kwa simu

Chukua A ya 440, au A ya kinanda cha kanisani kama utakuwa ukumbi mmoja nacho. Kisha piga A na D kwa pamoja, upinde mrefu na mwepesi. Zisikie kama soh na doh: D ni doh, A ni soh juu yake. Zungusha kigingi cha D hadi mtetemo kati ya nyuzi hizo mbili utulie. Fanya hivyo kwa D na G, halafu G na C. Mwisho ndipo uangalie simu. Ukianza na simu kila siku, sikio litabaki abiria.

Onyo: usiukaze uzi wa A kwa kigingi kwa haraka. Ushushe kwanza kidogo, kisha upandishe taratibu huku ukisukuma kigingi ndani. Kama kuna kiskurubu kidogo mkiani, malizia na hicho.

Hatua ya 4: Zitafute sauti zilizojificha

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha mazoezi ya vidole na muziki. Ipe wiki nzima.

Tazama vipimo vinne vya mwanzo. Kila kimoja kina kundi la noti nane linalorudiwa mara mbili. Ukizitazama noti moja moja utaona utitiri. Zikusanye kwa kimo chake, utaona kwaya ya watu watatu:

Sauti ya chini inakaa kwenye G katika vipimo vyote vinne: doh, doh, doh, doh.

Sauti ya kati inapanda D, E, F-sharpi, G: soh, lah, te, doh.

Sauti ya juu inakwenda B, C, C, B: me, fah, fah, me.

Imba kila sauti peke yake. Ukiwa na wanakwaya wawili karibu, gawaneni mziimbe pamoja, na utasikia kitu ambacho mwanakwaya yeyote wa hapa anakijua tangu utotoni: wimbo unaondoka nyumbani, unasogea, unakazana kwenye kipimo cha tatu, na unarudi nyumbani kwenye cha nne. Mkazo wa kipimo cha tatu unatokana na F-sharpi na C kukaa pamoja juu ya G isiyotaka kuondoka. Msikilizaji hahitaji kujua jina la akodi hiyo, yaani noti hizo zikisikika pamoja. Anahitaji tu kusikia kwamba wewe umeuhisi mkazo, na kwamba kwenye kipimo cha nne umepumua.

Endelea hivyo kipimo kwa kipimo. Zungushia kwa penseli noti ya chini kabisa ya kila kundi, kisha piga noti hizo tu, ndefu, kama wimbo wa besi unaojitegemea. Besi ikisimama imara, hata mtu ambaye hajawahi kusikia muziki huu atajua yuko wapi.

Hatua ya 5: Mkono wa kulia kwanza

Ondoa vidole vya kushoto kabisa. Piga nyuzi tupu kwa mpangilio wa mwanzo wa Preludi: G, D, A, A, A, D, A, D. Rudia mpaka upinde upite kwenye nyuzi hizo tatu bila kelele katikati.

Mambo matatu ya kuangalia hapa. Kwanza, kiwiko kisiruke kwa kila noti. Kiweke kwenye kimo cha uzi wa kati, D, na mabadiliko madogo yafanywe na kiganja na vidole. Pili, noti ya kwanza ya kila kundi, ile G, ipate upinde mwingi kidogo kuliko zingine. Si kwa kuikandamiza, bali kwa kuipa nafasi. Tatu, uzi wa G ni mnene kuliko wa A na unachelewa kuitika, kwa hiyo weka uzito wa mkono juu yake kabla upinde haujaanza kwenda.

Hapa niweke nadharia kidogo, nayo inatosha. Ili viola iwe na uwiano ule ule wa fidla kwa sauti yake ya chini, mwili wake ungepaswa kuwa mara moja na nusu ya wa fidla, yaani kama sentimita 53, na hakuna ambaye angeweza kuishika begani. Ndiyo maana viola ina sauti ile ya kifuani, yenye kivuli kidogo, na ndiyo maana inataka upinde wa polepole na mzito kuliko wa fidla. Ukihamia viola kutoka fidla na kupiga kwa mkono ule ule mwepesi, utapata mkwaruzo tu.

Hatua ya 6: Mkono wa kushoto, na kile kipimo cha tatu

Kipimo cha 1: kidole cha kwanza kwenye B, uzi wa A. Kinainuka na kurudi tu.

Kipimo cha 2: E iko uzi wa D na B iko uzi wa A, zote kwa kidole cha kwanza, mahali pale pale. Kilaze kidole hicho juu ya nyuzi mbili mara moja na ukiache hapo. Cha pili kinakaa kwenye C, karibu kabisa na cha kwanza.

Kipimo cha 3 ndipo wanaoanza hukwama. F-sharpi kwenye uzi wa D na C kwenye uzi wa A zote hudai kidole cha pili, lakini haziko mstari mmoja. F-sharpi iko nusu toni mbele. Ukikirusharusha kidole cha pili kati ya sehemu hizo mbili, hakuna hata moja itakayotulia. Acha cha pili kwenye C, na F-sharpi uipige kwa kidole cha tatu, ukikivuta nyuma hadi kigusane na cha pili. Andika namba hizo kwenye karatasi leo hii.

Kipimo cha 4: G kwa kidole cha tatu uzi wa D. Ipime kwa uzi mtupu wa G ulio jirani. Zikiwa sawa, viola nzima itaitika na utausikia mtikisiko wake kwenye mfupa wa kidevu. Huo mtikisiko ndio mwalimu wako wa usahihi wa sauti. Kila G, D, A na C utakayopiga popote ina uzi mtupu wa kuithibitisha.

Onyo: usiweke vibrato bado. Anayetikisa kidole kabla hajaipata noti huwa anaificha noti asiyoijua.

Hatua ya 7: Kasi

Weka metronomu kwenye 60 na upige noti mbili kwa kila mlio. Ukiweza kupita vipimo vinne mara tatu mfululizo bila kusita, panda hadi 66, kisha 72. Ukifika 80, rudisha 50 na upige noti nne kwa kila mlio. Usipande wakati bega limepanda.

Gawanya kipande kwa penseli mahali muziki unapopumua, si mahali ukurasa unapoisha. Na usianzie mwanzo kila siku. Anzia mwisho siku moja, katikati siku nyingine, la sivyo mwanzo utang'aa na mwisho utabaki msitu.

Kuhusu mvua: ikinyesha juu ya mabati hutasikia chochote. Weka upinde chini, shika viola, pitisha vidole vya kushoto bila sauti huku ukiimba moyoni. Katika masika, mazoezi haya ya kimya yanaweza kuwa nusu ya kazi yako, na yanajenga kumbukumbu kuliko unavyodhani.

Hatua ya 8: Kipimo cha 22 na safari ya mwisho

Katikati, kwenye kipimo cha 22, kuna fermata, alama ya kushikilia noti, juu ya D. Ni mlango. Yaliyotangulia yote yamekuwa yakikusanyika kuja hapo. Shikilia D hiyo hadi sauti ianze kuzama yenyewe, inua upinde kidogo, pumua kwa pua, kisha anza upya taratibu kana kwamba unafikiri unachotaka kusema. Wengi huikimbia kwa hofu ya ukimya. Ukimya huo ni wako; hakuna kinanda kinachokungoja.

Baada ya hapo uzi mtupu wa A unaanza kurudiwarudiwa huku noti nyingine zikipigwa kwenye uzi wa D. Hapo usiipigie kelele A. Ni sawa na ngoma inayoshika mapigo. Kinachosema ni zile noti zinazobadilika. Kisha inakuja ngazi inayopanda nusu toni kwa nusu toni. Usianze kwa nguvu. Anza karibu na kunong'ona, ongeza upinde sentimita kwa sentimita, ili ufike kwenye akodi ya mwisho ya G meja ukiwa bado una akiba. Akodi hiyo ianzie nyuzi za chini, kisha upinde uhamie za juu bila kusimama.

Usemaji wa muziki uko kwenye uhuru wa muda, lakini uhuru huo una deni: ukichelewesha hapa, harakisha kidogo pale, ili mwendo wa jumla usianguke. Imba kipimo, jirekodi, kisha piga kama ulivyoimba.

Hatua ya 9: Piga mbele ya watu

Jifunze kipande kwa moyo kabla. Jipime hivi: ukiulizwa ghafla uanzie kipimo cha 15 au cha 29, uweze. Anayekumbuka kwa mfululizo wa vidole tu hupotea pale kidole kimoja kinapoteleza.

Mahali pazuri pa kuanzia ni ibada. Zungumza mapema na mwalimu wa kwaya, na kupitia kwake na padre au mchungaji, uombe nafasi wakati wa sadaka au baada ya komunyo. Preludi inachukua kama dakika mbili na nusu, haitamchosha mtu. Waeleze watu kwa sentensi moja kwamba utapiga peke yako na kwamba ndivyo kilivyoandikwa, ili wasikae wakingoja kinanda kiingie. Wakipiga makofi au vigelegele kabla hujamaliza kipande, shukuru kwa kichwa na uendelee. Wamesikia.

Njia ya mbele

Preludi ikikaa, chukua Sarabandi, kipande cha mwendo wa polepole, ya Suiti ya 5 katika C ndogo (C maina). Haina akodi hata moja, noti ni chache, na ni miongoni mwa kurasa nzito kuliko zote alizoandika Bach. Itakufundisha kubeba chumba kizima kwa uzi mmoja. Fantasia 12 za Telemann za mwaka 1735 ziliandikwa kwa fidla pekee, lakini nyuzi za viola ziko chini ya za fidla kwa umbali wa doh hadi soh, kwa hiyo matoleo ya viola yanashusha sauti na vidole vinabaki vile vile.

Halafu Max Reger. Suiti zake tatu za viola pekee, Op. 131d (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi), ni za mwaka 1915, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ya kwanza, katika G ndogo, ndiyo lango langu ninalopenda kuwapitisha watu kuelekea nyuzi mbili kwa pamoja na akodi za nguvu, maana Reger alimjua Bach kwa kina na utaona mnajuana. Stravinsky aliandika *Élégie* mwaka 1944 kumkumbuka Alphonse Onnou wa kikundi cha Pro Arte. Inapigwa yote na kiziba sauti juu ya daraja, sauti mbili zikisemezana polepole. Ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Ukitaka moto, uko. Henri Vieuxtemps, Mbelgiji aliyefia Algeria mwaka 1881, aliacha Kapricho fupi katika C ndogo kwa heshima ya Paganini. Paul Hindemith, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga viola, ana sonata nne za viola pekee. Katika ile ya Op. 25 namba 1, ya mwaka 1922, sehemu ya nne imeandikiwa kasi ya milio 600 hadi 640 kwa dakika, pamoja na maelekezo kwamba uzuri wa sauti hapo ni jambo la pili. Na György Ligeti, katika sonata aliyoiandika kati ya 1991 na 1994, aliiweka sehemu nzima ya kwanza juu ya uzi wa C peke yake. Mtu akikwambia viola ni chombo cha kujazia katikati, mpe aisikilize hiyo. Nota za Stravinsky na Ligeti zina wenyewe, zinunue.

Mambo yakiharibika

*Vigingi vinateleza au vinagoma.* Mbao hunywa unyevu wa ziwa wakati wa mvua na kukauka kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane. Kinachoteleza kipake chaki kidogo, kinachogoma kipake sabuni kavu ya kipande. Usitumie mafuta ya aina yoyote.

*Uzi wa C unachelewa kuitika.* Punguza mwendo wa upinde, ongeza uzito, sogea kidogo kuelekea daraja. Ukiongeza nguvu na kasi pamoja, utazidisha mkwaruzo.

*Noti moja inabweka au kutetemeka hata ukiipiga vizuri.* Viola nyingi zina noti kama hiyo, mara nyingi karibu na F. Si kosa lako. Badilisha mahali upinde unapogusa, au upige noti hiyo kwenye uzi mwingine.

*Upinde unatetemeka mbele ya watu.* Anza karibu na mkono, si katikati, na toa pumzi kabla ya noti ya kwanza. Kucha zisiwe zimegandamiza mti wa upinde.

*Bega au kidole gumba kinauma.* Simama siku hiyo. Angalia mto wa bega, punguza vipindi viwe vya dakika 20 na mapumziko kati. Maumivu yanayorudi kila siku ni ya kumwonyesha daktari, si ya kuvumilia.

*Rozini imelainika na kunata.* Uliiacha kwenye joto. Wala usiache viola kwenye gari juani, chini ya mabati mchana, au kwenye pikipiki ikiwa haijafungwa mgongoni. Kwenye meli ya kwenda Nansio ipakate, usiiweke na mizigo.

*Daraja limeinama.* Nyuzi zinalivuta kuelekea shingo kila unapotyuni. Legeza kidogo, shika daraja kwa mikono miwili, lirudishe lisimame wima. Likianguka kabisa, legeza nyuzi zote na usipige tena hadi uhakikishe kile kijiti cha ndani bado kimesimama; kama kimeanguka, chombo kinahitaji fundi.

*Uzi wa A umekatika dakika kumi kabla ya ibada.* Funga ule wa akiba, uvute kwa mikono taratibu kabla ya kutyuni, tyuni mara tatu. Utashuka tena ukiwa katikati ya kipande, maana uzi mpya unaendelea kunyooka, kwa hiyo mwombe mwalimu wa kwaya akupe nafasi ya mwisho badala ya ya kwanza, na utyuni mara nyingine ukiwa umesimama mbele kabla ya kuanza.